Kuku ya Matanga ya Duka

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka hata chai inakataa kushuka. Leo nimeikumbuka kwa sababu yako. Umenitumia hiyo posti ya fundi wako wa viti huko Sigalagala, ati nikuangalilie kama rangi imekaa vizuri kabla uiweke kwa peji. Rangi iko sawa. Picha ya kiti iko sawa. Ni haya maneno umeandika hapo juu, makubwa, mekundu, "Siku za mwisho, karakana inafungwa, njoo ubebe kwa bei ya kutupa," ndio yamenifanya niweke simu chini niende nje nisimame kidogo. Kwa sababu fundi hafungi. Mimi na wewe tunajua hafungi.

Najua hii "mwanangu" yangu inakuchekesha. Miaka nimekuzidi ni kidogo, na tukiwa watoto tulikuwa tunapigania mifupa kwa sahani moja. Lakini mimi ni senge yako, dada ya baba yako, na kwetu senge ni baba mwenye amevaa rinda. Kwa hivyo keti. Mimi si mtu wa shule kubwa. Hii kazi ya kutangazia watu biashara kwa mtandao nilijifunza mwenyewe, na simu imepasuka kioo, na mdomo yangu unaijua, inashikanga moto haraka kama mafuta ya taa. Leo nitajaribu kuenda polepole.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa Mama Rukia. Wewe hukumkuta. Alikuwa mama wa Mumias, Muislamu, mjane, na alikuwanga na duka ya vitambaa na sweta za shule hapa Kakamega, nyuma ya soko. Wakati wengine walikuwa wananifukuza kwa milango zao, ati msichana wa kupiga picha vitu za watu ni mjumbe wa wezi, yeye aliniuliza kama nimekunywa chai. Halafu akatoa kitenge moja ya bluu, akainyoosha kwa mkono wake mpaka kwa mwangaza wa mlango. "Piga hapa, binti yangu," akaniambia. "Nguo haipendi giza." Hiyo ndiyo shule yangu. Vile unaniona najua kupanga mwanga, yote nilijifunza kutoka kwa mkono wa huyo mama.

Nilipoweka ile picha kwa peji, nikaongea na hii sauti yangu, nikachanganya Kiswahili na Kiluhya vile watu wa hapa wanaongeanga, watu wakaanza kuuliza duka iko wapi. Baada yake ikakuja saluni, ikakuja agrovet, ile duka ya mbegu na dawa za ng'ombe, ikakuja hoteli ya samaki. Nikapata mwenzangu, kijana mmoja anaitwa Ambani, alikuwa amesomea mambo ya kompyuta, tukakodi rumu moja mtaa wa Shieywe, mlango na mlango na mashine ya kusaga unga. Hata sauti zangu za zamani ukizisikiza vizuri utasikia mahindi ikisagwa huko nyuma.

Na Mama Rukia nilimpenda vibaya. Mama wa duka ya jirani aliwahi kusema sweta za Mama Rukia zinatoka manyoya zikifuliwa, na nilimjibu mpaka wauza nyanya wakaacha nyanya zao wakakuja kusikiza. Wazee walisema ukipenda boga penda na ua lake. Mimi nilipenda mpaka mbegu.

Halafu maisha ikakaza. Hiyo hauhitaji kuambiwa, hata sasa imekaza, lakini ile mara ya kwanza hatukuwa tumezoea. Unga ikapanda, mafuta ikapanda, watu wakaachishwa kazi, na wenye walibaki na kazi walikuwa wanalisha wale wameachishwa. Na mtu wa biashara akianza kukosa, mwanangu, kitu ya kwanza anakata ni tangazo. Hakati umeme, hakati kodi ya nyumba, anakukata wewe. Na hakuambii. Unamwandikia unaona amesoma, hajibu. Wiki ingine unapita hapo unakuta mlango na kufuli. Mwenye saluni tulimkuta anachemsha mahindi kando ya barabara, akageuka upande mwingine ndio tusimsalimie. Agrovet ilienda. Samaki ikaenda. Na kwa peji watu walikuwa bado wamejaa, usidanganyike na hiyo. Wanaangalia, wanaweka kidole, wanaweka moyo, hakuna mtu ananunua. Macho haina bei.

Tukabaki na Mama Rukia na wengine wa kuhesabu kwa vidole. Na yeye mwenyewe alikuwa anakaa kwa duka siku nzima, mvua ya mchana inakuja inapiga mabati inaenda, na hajauza hata kifungo. Wazazi walikuwa wanashona ile sweta ya mwaka jana viwiko. Hapo ndipo niliapa. Niliambia Ambani, hii duka ikifa nikiwa hai, mimi sitaangalia mtu usoni kwa hii taun ya Kakamega. Nilikuwa namaanisha. Kila kitu nilifanya baadaye nilifanya kwa sababu ya hicho kiapo, na ndio ujue mapenzi pekee yake hayana macho.

Wazo ilikuwa ya Ambani, lakini mimi ndio niliibeba. Alikuwa ameona vile maduka ya miji mikubwa yanafanyanga. Unaandika kwamba duka inafungwa, watu wanakimbia kununua, mnauza mzigo yote, halafu mnaendelea kama hakuna kitu ilitokea. Nikaenda kumweleza Mama Rukia. Alikuwa anakunja kitambaa, na hakuacha kukikunja. Akaniuliza kama kusema kitu kimekufa na bado kinapumua si uchuro. Nikamwambia hiyo ni lugha ya biashara tu, kwamba huko Nairobi kuna maduka imefungwa mara mingi kuliko mlango ya kanisa. Akacheka kidogo. Kisha akasema maneno yenye mpaka leo nikilala yanalala kando yangu.

"Haya. Mimi simu siijui. Wewe ndiye macho yangu huko ndani. Ukiona njia, nipitishe."

Mtu akikupa macho yake, mwanangu, usikimbie.

Mimi nilikimbia. Tulisukuma vitambaa zote nyuma ya pazia ndio rafu zionekane tupu. Tukashusha mlango nusu. Mama Rukia tukamkalisha kwa kiti cha pekee yake, mgongo kwa kamera. Nikaanza kuongea na sauti ya chini, nikasema huyu ni mama amewavalisha watoto wenu tangu nasari, leo anawaaga. Nilikuwa naigiza. Lakini katikati nikamkumbuka mwenye saluni na sufuria yake ya mahindi, nikakumbuka rumu yetu Shieywe haijalipiwa, nikajipata nalia machozi ya ukweli, na sauti ikavunjika. Ambani akanionyesha dole gumba. Akasema tusirudie, hiyo imetoka.

Ilitoka kweli. Hatukulipia hata senti ndio video isambae, ilijisambaza. Ikafika Mumias, ikafika Matungu, ikafika Khwisero kwa wamama hata hawana simu kubwa, wakaonyeshwa kwa simu za majirani. Wenye kuweka alama ya machozi walijaa mpaka nikaacha kusoma.

Asubuhi yake, kufika kona ya soko, niliona watu wamejaa mbele ya duka mpaka barabarani. Nikasema Nyasaye, Mungu wetu, amejibu. Nikakaza mwendo, na nilipokaribia ndio nikaanza kuona vitu haziingiani. Hakuna mtu alikuwa na mfuko wa kubebea. Walikuwa na sukari kwa karatasi, na majani ya chai, na unga, na mkungu wa ndizi. Wamama walikuwa wamejifunga leso kiunoni vile wanajifunganga wakienda kulia. Nilipoingia ndani nikawakuta wameketi chini kwa simiti, miguu wamenyoosha, wananong'ona, na Mama Rukia ako katikati yao, ameinamisha kichwa.

Hawakuja kununua. Walikuja matanga.

Unaona, wenye walianzisha huo ujanja wa kufunga duka kwa mdomo walikuwa wanaongea na watu hawajuani. Mtu wa mbali akisikia duka inakufa, anakimbia kuchukua bei rahisi. Lakini sisi hapa ukisikia mtu amepoteza kitu, unaenda kuketi na yeye. Unaanzaje kumnunulia kitambaa nusu bei siku ameanguka? Mimi ni mtoto wa hapa, nimenyonya hapa, na hiyo kitu sikuiona. Nilikuwa nimeangalia simu mpaka nikasahau watu.

Nikajaribu bado. Mdomo yangu haikuwa na breki. Nikasema karibuni wamama, vitambaa ziko nyuma hapa, leo ni bei ya kutupa. Mama mmoja mzee akaniangalia kutoka chini.

"Wewe msichana," akasema, "siku hizi watu wanapunguziananga bei kwa matanga?"

Wengine wakacheka ile kicheko ya huruma.

Na hapo mlangoni alikuwa amesimama mama mwembamba, mshonaji wa uniform kutoka Khwisero, Mama Andati. Huyu alikuwa mteja wa Mama Rukia wa miaka na miaka, alikuwanga anakuja kununua vitambaa mita mbili tatu, wanakunywa chai, anaenda. Alikuwa amebeba kuku kwapani, ingokho ya kienyeji, miguu imefungwa na kipande cha kitenge ya bluu. Hata hicho kitambaa kilitoka kwa hiyo duka. Akamwekea Mama Rukia ile kuku miguuni, akasema, "Nilisikia duka inataka kutuacha. Nikaona siwezi kukuja mkono mtupu." Mama Rukia akashika mkono wake. Angesema nini? Angewaambia wote hapo mbele yangu kwamba ni uongo, kesho mimi ningepigwa na mawe. Alinyamaza kwa sababu yangu. Hiyo nilikuja kuielewa pole pole.

Wangeenda tu nyumbani, pengine ingeisha hapo. Lakini mchana pikapu ikasimama nje. Ilikuwa ya yule bwana alikuwanga anamletea Mama Rukia mzigo, anampatia kwanza, pesa anachukua mama akishauza. Yeye pia alikuwa ameona video. Akasema kwa heshima kabisa kwamba kama duka inafungwa, heri achukue zile roli hazijakatwa, zile zingine amwachie mama amalizie. Nusu alikuwa anaacha, mwanangu. Nusu. Lakini mimi nilikuwa nimeshawaka. Nilishika ile roli upande mmoja, yeye ameshika upande mwingine, nikamwambia hakuna mtu amefunga, nikamwita mwizi wa wajane, nikamtusi yeye na watu hawajazaliwa kwao. Hakunirudishia tusi hata moja. Alitoa simu kwa mfuko, akabonyeza.

"Hii sauti si yako?" akaniuliza.

Nikajisikia nikilia kutoka kwa mkono wa mtu mwingine. Wamama wote wakageuza vichwa. Yeye akarudisha simu, akaita vijana wake, na hakuacha nusu tena. Alibeba yote, hata sweta. Hasira hasara, hiyo nilikuwa nimeiandika kwa daftari ya shule nikiwa mdogo, na mwandiko mzuri.

Watu walipoenda, tukabaki mimi na Mama Rukia na unga na sukari na ndizi, na hiyo kuku inatembea kati ya rafu zenye sasa zilikuwa tupu ukweli. Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze, kwa sababu mtu akinipigia kelele najua kujibu. Yeye alisuka ukili wa mkeka wake kidogo, akaweka kando.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Binti yangu, nilikupa macho yangu uyatumie kuona. Wewe umeyatumia kulia."

Nikamwambia nitarekebisha, nitaweka video ingine saa hiyo hiyo. Akatikisa kichwa. Akasema uongo ulienda kwa simu kwa sababu uongo ni mwepesi, lakini ukweli una miguu mizito, ukweli unatembezwa. Akaniambia kila mtu aliyeketi pale chini, niende mlangoni kwake nimwambie na mdomo wangu ule ule kwamba hakuna aliyekufa. Nianze na Mama Andati. Nikauliza kama nimrudishie kuku yake. Hapo ndipo aliniangalia kama mgeni.

"Kwenu kitu cha matanga hurudishwa?"

Haikuwangi hivyo. Kitu ikiletwa matanga hairudishwangi, ukiirudisha ni kama umepeleka kifo kwa huyo mwenye alileta. Na kuichinja pia alikataa. Alisema kuila ni kuukubali msiba, na yeye hajaukubali. Kwa hivyo kuku ikabaki, si ya kula, si ya kurudi, akaifungulia miguu akaiwekea maji nyuma ya duka.

Nilienda Khwisero. Nilimkuta Mama Andati kwa mlango wake na cherehani, akanisalimia mulembe, akanikaribisha, akanipikia obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda bila kuniuliza nimefuata nini. Ndio nikakula kwanza, na kila tonge ilikuwa inaniuliza. Nikamwambia. Nilisema yote, pazia, rafu, kilio. Aliangalia kwa kona, pahali palikuwa na kikapu na nyasi imelala vile kuku inalalianga, na ndani hakuna kitu.

"Hiyo ilikuwa inataga," akasema.

Kisha akarudi kwa cherehani, akasema, "Lakini afadhali. Kulia bure ni kuzuri kuliko kulia na sababu. Sasa enda uambie na hao wengine. Tulilia sisi wote."

Na hapa ndipo nataka usikize sana, kwa sababu hii ndio kosa yangu kubwa, si ile video. Sikuenda. Ile kikapu ilinishinda. Nilitoka Khwisero na aibu imenikaa kwa shingo kama mzigo wa kuni, nikajiambia siwezi kula obusuma ingine ya namna hiyo. Nikarudi Shieywe nikafanya video fupi, nikasema duka iko wazi, karibuni nyote. Watu wakaona. Kwanza walicheka, halafu wakakasirika. Mmoja akaandika kwamba mama yake alitembea na ugonjwa wake kutoka Matungu kuja kulilia duka yenye haijafa. Na mimi, badala ya kumwomba msamaha, nikamjibu. Nikawajibu wote, mmoja mmoja, na ule moto wangu. Ambani alikuwa anasoma kando yangu. Akaniita jina langu, Khayesi, akasema unachoma nyumba na bado umelala ndani. Mwisho wa mwezi alibeba kompyuta yake akaenda Eldoret kwa ndugu yake. Hatukukosana. Alichoka tu.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hakuna mwenye mzigo alikubali tena kumwachia Mama Rukia kitambaa, maana wote walikuwa wamesikia anafunga, na habari ya kwamba hafungi hakuna mtu aliamini. Shule zikafunguliwa, wazazi wachache wenye walikuwa na kitu wakakuja kuuliza sweta, hakuna. Wakaenda kwa ile duka ya jirani, ya yule mama wa maneno ya manyoya. Mimi nilikuwa nakuja kila siku kufagia, tunaketi, mvua inakuja inaenda. Hakuwahi kunikumbusha. Alikuwa ananiuliza tu kama nimekunywa chai.

Siku ikafika tukafunga ukweli. Nilipiga picha ya mlango, hiyo tu, bila sauti, bila wimbo, nikaandika: Duka ya Mama Rukia imefungwa. Watu wakaweka alama za kucheka. Mmoja akauliza hii ni mara ya ngapi. Mwingine akaandika, hatuleti sukari tena.

Na hawakuleta. Mwanangu, ile siku ya uongo barabara ilijaa. Siku ya ukweli tulikuwa wawili, mimi na yeye, tunabeba rafu kwa mvua.

Tukiwa hapo ndio nikaona mtu anakuja amejifunika karatasi ya nailoni kichwani. Mama Andati. Ametoka Khwisero na hiyo mvua, amebeba unga kidogo ndani ya gazeti. Akaingia akasema kuku hana tena, amejileta mwenyewe. Mama Rukia akamuuliza alijuaje kwamba hii mara ni kweli, na taun yote inacheka.

Mama Andati akanionyesha na kidevu. "Huyu alitembea mpaka kwangu kuniambia amenidanganya. Mtu kama huyo akisema tena, mimi naamini."

Wengine wote walikuwa na milango. Ningekuwa nimetembea, wangekuja.

Mama Rukia alienda nyuma ya duka, akarudi na katoni. Ile kuku ilikuwa imepata jogoo wa jirani, ikalalia mayai yake hapo nyuma kwa matambara, ikaangua. Akampatia Mama Andati vifaranga, yeye akabaki na mama yao. Akasema kuku ya matanga hairudi, ni kweli, lakini hawa watoto hakuna mtu aliwaleta matanga. Wale wamama wawili wakacheka mpaka wakashikana, hapo kwa duka tupu, na mimi nikatoka nje nisimame kwa mvua, kwa sababu hicho kicheko sikuwa na haki nacho.

Mahali pa duka leo vijana wanabetia mpira. Mama Rukia alirudi kwao Mumias, na huko ndiko alilala, Mungu amrehemu. Nilisikia wakiwa wameshamzika, maana Waislamu hawangojangi. Na nikuambie kitu: sikuiweka kwa peji. Nilitafuta wale wote walikuwa wameketi kwa simiti siku ile, mlango kwa mlango, nikawaambia Mama Rukia ametutoka, na kwamba siku ile walipomlilia alikuwa mzima, na mwenye alidanganya ni mimi. Wengine walinipa kiti. Wengine walinisikiza wamesimama, wakafunga mlango. Niliona ni sawa. Ilikuwa ni ile safari alinituma, nimechelewa tu.

Sasa wewe. Nasikia hasira ikitaka kupanda lakini nitaimeza, kwa sababu najua unampenda huyo fundi vile mimi nilimpenda Mama Rukia. Hali ni mbaya, sikudanganyi, na pengine itakuwa mbaya zaidi. Pengine hata ukifanya kila kitu sawa karakana itafungwa. Mimi sina dawa ya hiyo. Lakini usizike mtu akiwa hai, kwa sababu siku ya kumzika ukweli, utakosa wabebaji. Hao watu unaona kwa peji yako wanaweka moyo, si hesabu. Ni watu. Iko mmoja kati yao ako na kuku moja pekee, na atakuletea hiyo.

Futa hayo maneno mekundu. Enda kwa fundi kesho, si kwa simu, enda, umwambie watu hawana pesa ya viti vipya sasa, lakini kila nyumba iko na kiti imevunjika mguu. Akitengeneze. Mpige picha hicho kiti cha zamani kwa mwangaza wa mlango, useme ukweli: tunarekebisha, bei ni hii, siku za kungoja ni hizi, na kama mbao imeoza tutakwambia imeoza. Itakuletea kidogo. Kidogo ndio iko. Mtu akikutukana kwa komenti, weka simu chini uende ukate kuni. Ukikosea, na utakosea kwa sababu damu yetu ni moja, usirekebishe na video. Vaa viatu. Na usiishie kwa mlango wa kwanza.

Nyasaye akupatie sauti ya kuaminika hata siku huna kitu ya kuuza. Akupatie wateja wachache wenye wanakujua jina. Mvua ikikupata ukibeba rafu za mtu, isikupate pekee yako. Na siku utafunga, maana kila mlango iko na siku yake, ukiangalia barabara uone mtu anakuja.

Ukimaliza kusoma, usinijibu kwa simu. Kuja nyumbani. Nimeweka chai.